Mzee wa Matairi na Upande wa Kushoto

Mzee wa matairi hakuwa anasalimia mtu kabla ya kusalimia gari. Ungefika pale kwake, kando ya Bypass, ile barabara kubwa ya kuzunguka jiji, ukishapita Kamakis, uzime injini, ushuke, useme, "Habari ya asubuhi, Mzee," na usijibiwe kitu. Angeenda moja kwa moja hadi gurudumu la mbele, achuchumae, aweke kiganja juu ya mpira na kufunga macho. Wewe ungesubiri. Wengine waliona ni madharau. Mimi niliona ni wazimu na nikamwambia hivyo siku ya kwanza, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Akafungua jicho moja tu.

"Mama Ciru, wewe unaweza kunidanganya. Hii haiwezi."

Jina langu alilijua kwa sababu mume wangu alikuwa mteja wake. Na heri niseme mapema jambo lililokuwa kati yetu. Baba Ciru aliniacha na mtoto mmoja wa kike, nyumba ya Mugutha ambayo upande wa nyuma haujapigwa plasta mpaka leo, na gari la bluu lenye matairi ya mashindano. Siku za Jumapili alikuwa akikimbiza gari na wenzake, kwa saa na bendera, mimi nikiwa kanisani nikimwombea asife. Hakufa huko. Moyo wake ulisimama akiwa bafuni ananyoa ndevu, wiki tatu baada ya kununua seti ile ya mwisho ya matairi. Mzee alitaka yatoke kwenye gari kabla mvua haijaniua. Mimi nilisema hayatoki. Kwa karibu mwaka mzima tulivutana hivyo.

Kwa asiyejua, tairi la mashindano ni laini, halina mistari ya kutosha ya kupitisha maji, na limetengenezwa lifanye kazi likiwa moto. Kwenye uwanja linashika lami usiamini. Ukilipeleka sokoni na kanisani na kazini linabaki baridi, linaokota kila kokoto na kuirusha chini ya gari, linaisha upesi, na tena lina kelele. Yale ya mume wangu yalinguruma. Nikiwa jikoni nilikuwa nikimsikia tangu anapotoka barabara kuu, nageuza chapati ya mwisho, naweka chai mezani. Alipokufa nikaanza kuliendesha gari mimi, kwenda na kurudi Thika ambako nina duka la sare za shule, na ule mngurumo ukaendelea kuja nyumbani kila jioni. Ciru alikuwa akikimbia kufungua geti kama zamani. Mniambie ni mama gani angeenda kutoa hayo matairi. Watu walipouliza nilisema sijapata nafasi.

Mzee hakuuliza. Alikuwa na methali yake mwenyewe ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine: tairi ya mashindano ni chapati, ikiwa moto inakunjika, ikilala inavunja jino. Alieleza kwamba kila likipata moto na kupoa linakauka kidogo ndani, na siku moja linakufa huku bado lina nyama. Ukiliangalia unaona zima. Alikuwa akibonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira, na kama alama haikubaki alisema, "Hii ilishaenda," kwa sauti ile ya watu wa hospitalini. Kwa yangu alifanya hivyo kila mwezi. Mwezi wa kwanza alama ilibaki. Kufika Krismasi ilikuwa inabaki kidogo tu, kama mkwaruzo.

Kusoma matairi alikuwa anasoma kweli, tusidanganyane. Kuna siku mwalimu mkuu mmoja alikuja na mkewe, suti nzuri, gari limeoshwa. Mzee akashika gurudumu la nyuma, akanusa vidole, akamwuliza bila hata kuinua kichwa, "Huu udongo wa kule juu ya Gatundu unaendaga kufuata nini kila wiki?" Mke akageuka polepole. Tulicheka na wasichana wa kuuza mahindi hapo nje mpaka tukaegemea ukuta, lakini mwalimu mkuu hakurudi tena kwa Mzee. Matairi yake akapeleka Ruiru mjini.

Zamu yangu ilipofika hakuna aliyecheka. Ilikuwa Agosti, miezi mitatu hivi tangu tuzike. Ciru alikuwa anatembea kwa miguu kwenda shule ya hapo Mugutha, kwa hiyo kwenye gari nilikuwa peke yangu asubuhi na jioni. Mzee akashika tairi la mbele kushoto, akakaa nalo muda mrefu kuliko kawaida, akazunguka akashika la kulia, akarudi kushoto.

"Unabeba nani huku?"

"Simbebi mtu. Natembea peke yangu."

"Hapana. Hapa kuna mtu anakaa. Mtu mzito."

"Mzee, hebu tuheshimiane."

"Mimi nakuambia vile inasema." Akapangusa mkono kwenye ovaroli. "Ni mtu anaegemea mlango."

Baba Ciru nilipokuwa nikijifunza kuendesha alikaa hivyo, ameegemea mlango ili anione vizuri anapocheka. Nilipanda gari nikaondoka bila kwaheri. Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi mwingine huko Thika, kijana msomi mwenye mashine, akaniambia magurudumu yanaangalia sawasawa, labda ni barabara zetu kulalia upande wa kushoto ili maji yatoke. Maelezo mazuri. Niliyashika kwa mikono miwili. Lakini kuanzia siku hiyo sikuweka tena kikapu wala mfuko wa vitambaa kwenye kiti cha kushoto. Niliweka nyuma. Sikumwambia mtu.

Mzee mwenyewe alikuwa kitendawili. Huyu aliyekuwa akifokea vijana wa magari ya kelele, "Barabara haina mshindi, nyinyi wajinga," yeye pikapu yake ilikuwa imevaa matairi ya mashindano manne, kila moja na kabila lake. Asubuhi kabla ya kutoka alikuwa akizunguka kiwanja chake kilichozungushiwa mabati, polepole kwanza, halafu kasi, mara saba, taa zikiwa zimewashwa na jua limeshatoka. Alikuwa anayapasha moto. Lakini mtu akipita asubuhi na kuona mzee wa miaka sabini na kitu anazunguka peke yake kwenye vumbi, uso hauonyeshi kitu, hawezi kufikiria mpira. Wasichana wa mahindi walikuwa wakiinamisha vichwa mpaka amalize.

Na mvua ilikuwa ikimtisha. Tone likidondoka tu, pikapu inaachwa hapo hapo. Siku moja ilimshika mbele ya mahali pa nyama choma pale Kamakis, manyunyu ya kupangusa kwa mkono, akazima, akafunga mlango, akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake Ruiru akiwa ameshika kofia kifuani. Pikapu ilikaa hapo siku mbili. Wenye hoteli walilalamika lakini hakuna aliyethubutu kuisukuma.

Nilimwuliza siku moja tukinywa chai. Chai yake ilikuwa tamu kupita kiasi, na kikombe cha mgeni alikifuta mara mbili kwa shati. "Mzee, unatukataza na wewe mwenyewe umevaa. Hiyo ni nini?"

"Hizi nimetoa kwa magari ya watu. Sasa nizipeleke wapi? Niuze?" Compressor ya kujazia upepo ikawaka yenyewe pale nyuma vile huwa inawaka, nikamwaga chai. "Niliuza seti moja. Mara moja tu. Mwenyewe akasema ni ya uwanja, kumbe alikuwa anapeleka watoto shule nayo."

"Ikawaje?"

"Sasa nazimaliza mimi," akasema. Akanijazia kikombe upya, na mimi kwa mara moja maishani sikuuliza tena.

Matairi ambayo hakuwa ameyafikia bado aliyaweka kwenye chumba cha nyuma kilichofungwa kwa pazia la maua, pazia la nyumbani kabisa. Hakuyalundika. Yalining'inia, kila moja kwenye msumari wake, na Jumamosi aliyageuza robo ili yasiharibike umbo. Niliwahi kuingia nikitafuta mahali pa kunawa mikono. Kulikuwa na joto. Na kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik, kama gari lililotoka safari ndefu linapopoa. Nikatoka mbio.

"Mzee, huko ndani kunalia nini?"

"Zinapoa," akasema.

Siku hiyo hakuna gari lililokuwa limekuja tangu asubuhi, ni langu tu, na langu lilikuwa nje. Nilinawa nyumbani.

Msifikiri alikuwa mtu wa kuogofya watu. Alipenda vichekesho, alikuwa mzee wa kanisa, na mjane yeyote akipata pancha alizibiwa bure. Sala yake kabla ya kula ilikuwa ndefu mpaka ugali unapoa. Lakini hakuwa na maneno ya kupoza moyo. Nilipomlalamikia kwamba ananitisha kwa mambo ya wafu alinijibu, "Sijasema ni mfu. Nimesema ni mzito." Ngai, Mungu wangu! Utamfanya nini mtu kama huyo?

Sasa nieleze ujinga wangu, maana huo ni wangu mwenyewe na siwezi kumpa mtu. Januari Ciru aliingia gredi ya saba, shule mpya, upande wa Kamakis. Kwa hiyo asubuhi nilianza kumpeleka kwanza, kisha narudi juu kwenda Thika. Akakaa kile kiti cha kushoto. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia akae nyuma, nikakosa sababu ya kumpa, nikawasha gari. Mzee alipomwona amekaa hapo alibadilika. Hakufoka tena. Alianza kunibembeleza, na hiyo ilinitia hofu kuliko kufoka.

"Mama Ciru, Aprili inakuja. Novemba ulikuwa na bahati."

"Novemba nilitembea polepole."

"Maji hayajui polepole."

Basi nikatafuta njia ya katikati. Kule Ruiru, nyuma ya stendi, kuna mafundi wa kuchonga. Tairi likiisha wanachukua kisu cha moto na kulichonga mistari mipya, unaona kama la dukani. Watu wengi wametembea na hayo na wengine wako hai. Nikafikiri, kama shida ni mistari ya maji, si tuchonge tu? Yabaki yale yale ya Baba Ciru na maji yapate njia. Nilisimama hapo moshi wa mpira unaniingia puani, kijana anachonga, nikajiona mwerevu sana. Moshi ulikuwa na harufu ambayo ilikaa kwenye nywele zangu siku tatu.

Nikaenda moja kwa moja kumwonyesha Mzee, nikitabasamu. Akachuchumaa. Akaweka kiganja. Akautoa haraka, utadhani ameshika sufuria.

"Nani amefanya hii?"

"Fundi wa mjini. Si sasa maji yatapita?"

"Umemchonga mtu uso," akasema. Aliinuka kwa shida akishika goti. "Ilikuwa nyembamba. Sasa imebaki ngozi. Mama Ciru, nakuomba mbele ya Mungu, acha funguo hapa."

"Hayatoki, Mzee. Hivyo ndivyo alivyoyaacha."

"Yeye angezitoa! Yeye alikuja hapa Jumatatu kila wiki kuzitoa, anafunga za kawaida, Jumamosi anarudisha. Hiyo wiki alikufa kabla ya Jumatatu. Wewe umekaa na Jumapili ya mtu mwaka mzima."

Sikulijua hilo. Haki ya Mungu sikulijua. Nilidhani aliyapenda kila siku. Mngurumo ule wa jikoni ulikuwa wa Jumapili tu, kumbe, na mimi kwa kumkumbuka nimeufanya wa wiki nzima. Ungedhani ningempa funguo hapo. Nilipandwa na hasira, nikamwambia fundi wa pancha asinifundishe mume wangu, nikaondoka vumbi likimfunika. Wasichana wa mahindi waliniita Sikio la Kufa tangu siku hiyo, na walikuwa na haki.

Leo pale kwake kuna ghorofa la nyumba za kupangisha, nguo zimeanikwa kila balkoni, na yeye walimpeleka kwa mwanawe Nyahururu ambako nasikia hamtambui mtu. Mara yangu ya mwisho kumwona akiwa kwenye kazi yake ni asubuhi ya mvua ya kwanza ya Aprili, na nilimwendea mwenyewe, bila viatu.

Ilikuwa mvua ndogo. Vumbi la miezi mitatu lilikuwa limelainika tu, lami inang'aa. Tulikuwa tumeshaingia Bypass, Ciru ana kitabu magotini, na mbele yetu lori la mawe likasimama. Nikakanyaga breki. Hakuna kilichotokea. Nataka mnielewe, hakukuwa na kelele, hakukuwa na kuvutana, mngurumo wenyewe ulikatika, gari likawa linaenda kimya kama halina magurudumu kabisa. Nikaona chuma cha nyuma cha lori kinakuja usawa wa kioo, upande wa mtoto. Nikapiga kelele, "Yesu!" Halafu kitu kikalia katikati yetu, krrr, nyuma ya gari ikazunguka, dunia ikapita mbele ya kioo yote, na tukasimama.

Tulikuwa tumeangalia tulikotoka. Chuma cha lori kilikuwa mlangoni kwangu, ningeweza kukishika bila kunyoosha mkono. Upande wa Ciru kulikuwa na barabara tupu na mvua. Nikaangalia chini. Handbreki, ile breki ya mkono ya katikati ya viti, ilikuwa imesimama juu.

Mimi sikuivuta. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, ilikuwa imeng'ang'ania mpaka nikashindwa kuifungua. Na hiyo ya kuvuta handbreki ili gari ligeuke, hiyo ilikuwa ya Baba Ciru. Alikuwa maarufu kwayo. Wenzake waliisema hata kwenye mazishi.

Kwa Mzee palikuwa karibu, niliendesha hadi hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikashuka, viatu sijui vilibaki wapi, nikaanza kusema kabla hata hajafika.

"Ni yeye, Mzee. Ulisema kuna mtu kushoto, nimekubali, yuko. Amevuta. Mimi nilisema 'Yesu' tu, sikuvuta, naapa, ni yeye amevuta."

Mzee alikuwa kwenye mvua, kichwa wazi. Hakuligusa gari. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akimwendea mtu kabla ya gari. Alinipita mimi pia, akafungua mlango wa kushoto ambapo Ciru alikuwa bado amekaa na mkanda wake, kitabu kimeanguka miguuni.

"Ciru, mama. Leta mkono."

Mtoto akamtazama, akampa wa kushoto.

"Huo mwingine."

Akampa wa kulia. Mzee akaugeuza kiganja juu. Kwenye kidole gumba kulikuwa na duara dogo jekundu, limezama, ukubwa wa kifungo cha shati. Nililitambua. Ni alama ya kile kitufe cha kwenye ncha ya handbreki. Mzee aliweka kidole chake juu ya alama hiyo kidogo, akafunga macho, akafungua.

"Ni nani alikufundisha?"

"Baba," Ciru akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Jumapili. Kama mama ameenda kanisa. Kwa ule uwanja wa majani. Yeye anashika usukani na mimi navuta. Alisema tusimwambie mama, atakasirika."

Na nilikasirika, hapo hapo kwenye mvua. Nilimkasirikia Baba Ciru kwa nguvu zangu zote, kwa Jumapili zile zote nilizopiga magoti nikidhani mtoto yuko nyumbani anafanya homuwaki. Halafu nikakaa chini kwenye matope na nikalia vile sikulia hata siku ya kuzika. Hakukuwa na mtu kushoto. Kulikuwa na mtoto wangu mwenyewe, ameketi hapo tangu Januari na mkono wa baba yake, na mimi nilikuwa nimemfungia kwenye gari la kumwua.

"Wewe unajua wakati wa kuvuta namna gani?" Mzee akamwuliza, kwa upole.

"Baba akisema 'vuta', navuta. Asiposema sivuti."

"Na leo ni nani amesema?"

Ciru aliangalia kile kiganja chake, kisha akanitazama mimi nilipokuwa chini. Alikuwa na uso wa mtu anayeogopa kwamba amekosea jibu.

"Si ni mama?"

Mimi nilikuwa nimesema neno moja tu kwenye lile gari, na halikuwa 'vuta'. Mzee alijua, nilikuwa nimeshamwambia yote. Alinigeukia, maji yakimtiririka kwenye nyusi, akasubiri.

"Ndiyo," nikamwambia Ciru. "Ni mimi."

Nikainuka, nikampa Mzee funguo. Akachukua spana, akapiga goti kwenye matope na kuanza kufungua nati za gurudumu la kushoto.